Kununua na kuuza pikipiki used Bongo: mwongozo kamili kuanzia kadi mpaka jina linabadilika TRA

Pikipiki used ukikosea kwenye injini utaacha hela kwa fundi na maisha yataendelea, ukikosea kwenye kadi (ya usajili, ile yenye jina la mmiliki) unapoteza pikipiki yote na juu yake unaweza kulala polisi ukielezea umeitoa wapi. Ndio maana naanza na makaratasi na injini inakuja baadae. Watu wengi wanafanya kinyume, mtu akifika anapiga kiki, anasikiliza mlio, anaipenda, analipa, kadi anakuja kuikagua vizuri jioni akiwa nyumbani. Hapa naongelea Tanzania bara, na zaidi pikipiki za kazi, Boxer, TVS, Honda na za Kichina kama Haojue, SanLG na Fekon, sababu hizo ndio zimejaa sokoni.

Anza kwa kujua ni ya nani

Ukiona tangazo kwenye mtandao wa Jiji, Facebook au kwenye grupu la Whatsapp limeandikwa "iko vizuri haidaiwi, bei maelewano", swali la kwanza usiulize bei ya mwisho. Uliza hivi: "Kaka, jina lililopo kwenye kadi ni lako?" Jibu lake ndio litakuambia uendelee au uishie hapo.

Kama jina ni lake na kitambulisho cha NIDA kinasoma hilo hilo, safi. Kama sio lake kuna hali kadhaa na kila moja ina namna yake.

Kuna aliyenunua kwa mtu akaendesha miaka miwili bila kubadilisha jina, hawa ndio wengi kuliko wote. Huyo mwambie alete mkataba alionunulia, na mwenye jina kwenye kadi apatikane, sio kwa simu tu, aje asaini. Unakuta pikipiki imepita mikono minne na wa kwanza alishahamia Geita hana habari na mtu, hapo hata ukipewa kwa bei ya kutupwa bado hununui pikipiki, unanunua kazi ya kumtafuta mtu.

Kuna pikipiki ya marehemu. Mke au kaka anakuja anauza, ana kadi mkononi, anaongea kwa uchungu kabisa na anasema ukweli, ila kisheria anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe barua ya usimamizi. Kama hawana, waende Mahakama ya Mwanzo wafungue mirathi kwanza, wewe subiri au tafuta nyingine, usilipe hata advansi.

Halafu kuna za mkataba na za mkopo, hizi zinaumiza sana vijana. Ya mkataba ni ile tajiri kamnunulia dereva, dereva analeta hesabu (hela waliyokubaliana) kila siku mpaka muda uishe ndio iwe yake. Dereva akichoka katikati anaitangaza kama ya kwake. Ya mkopo ni hivyo hivyo, kadi original imekaa kwa aliyekopesha, na nyingi zimefungwa GPS, kwahiyo unanunua leo wiki ijayo watu wanakuja kijiweni kwako wanaichukua na sheria iko upande wao. Ukisikia "kadi ipo kwa bosi, lipa nusu kwanza nikaikomboe", hapo usitoe hata elfu kumi. Kama kweli inadaiwa na bado unaitaka, nendeni pamoja mpaka ofisini kwa anayedai, deni lilipwe mbele yako, kadi itoke na barua kwamba deni limekwisha, ndio uongee kununua.

Kagua kadi, na usiishie kwenye kadi

Shika kadi original, sio kopi wala picha ya kwenye simu. Kadi duplicate sio kosa yenyewe, kadi zinapotea kweli, ila uliza ilipoteaje na uone loss report (ripoti ya upotevu) ya polisi, kwa sababu wapo wanaoomba duplicate huku original wameiweka dhamana mahali.

Chukua tochi ya simu, kitambaa na petroli kidogo. Namba ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu pale stelingi inapozungukia, geuza stelingi upande mmoja utaiona. Mara nyingi imefunikwa na vumbi na grisi, ifute mpaka chuma kionekane. Kisha namba ya injini, iko kwenye bloku kwa chini, kwenye Boxer ni upande wa pedali ya gia. Soma herufi moja moja ukilinganisha na kadi, mwenzako ashike kadi wewe usome kwa sauti.

Unatafuta nini pale shingoni? Rangi mpya sehemu ile tu wakati fremu nzima imechakaa. Mikwaruzo ya tupa. Namba zisizokaa kwenye mstari, au moja imezama sana na nyingine imegusa juu juu. Chasisi ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q, zimeachwa makusudi zisichanganywe na 1 na 0. Ukiona O kwenye chasisi ujue mtu kagonga mwenyewe. Za India zinaanza na M, Boxer utakuta MD2 na TVS MD6, za China zinaanza na L. Herufi ya 10 mara nyingi ndio mwaka: H ni 2017, J 2018, K 2019, L 2020, M 2021, N 2022, P 2023, R 2024. Kwahiyo mtu akikuambia ni ya 2022 na herufi ya 10 ni J, muulize vizuri, na kadi nayo itakuonyesha mwaka wa kutengenezwa.

Injini ikiwa namba tofauti na kadi sio lazima iwe ya wizi, watu wanabadilisha injini nzima ile ya mwanzo ikifa, ila lazima kuwe na risiti ya hiyo injini na mabadiliko yawe yameandikishwa TRA (mamlaka ya mapato). Bila hivyo siku ya kuhamisha jina utakwama.

Baada ya hapo fanya uhakiki huu, haukuchukui nusu siku:

Ingia tms.tpf.go.tz, weka namba ya pikipiki uone madeni ya trafiki. Faini ya boda ilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa, ukisikia hivyo unaona ndogo, ila zikikaa makosa kumi na tano na nyongeza za kuchelewa ni hela ya tairi zote mbili na cheni. Deni alipe muuzaji kabla, au likatwe kwenye bei kwa maandishi.

Nenda ofisi ya TRA na namba ya usajili uthibitishe mmiliki, chasisi na injini kwenye mfumo wao. Kadi za kuprinti zipo na zingine ukiziangalia kwa macho huwezi kujua, mfumo ndio unajua. Kama una wasiwasi na wizi pita na polisi. Muuzaji mwenye haki hawezi kugoma kwenda na wewe, anayegoma kashakujibu.

Kwa walio mipakani, Tarime, Namanga, Holili, pikipiki zenye namba za Kenya zinazoanza na KM zinauzwa rahisi sana, sababu ushuru wa huku haujalipwa. Ukishikwa nayo ndio utajua bei yake halisi. Na ile isiyo na namba kabisa eti "utasajili mwenyewe", bila nyaraka za forodha iache.

Sasa njoo kwenye chuma

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja karibu na bloku, ikiwa ya moto ujue ameshaipasha, na pikipiki inayoogopa kuwashwa ya baridi ina sababu. Subiri ipoe, piga stori, kagua vitu vingine.

Usianze na selfu (kitufe cha kuwashia), anza na kiki. Kiki iwe na uzito, mguu ukishuka kirahisi tu mgandamizo umekwisha, pete au valvu. Ikiwaka iache iungurume yenyewe bila resi. Moshi mweupe kidogo asubuhi unaoisha haraka hauna shida. Moshi wa bluu unaoendelea, hasa ukivuta resi ukaachia, inakula oili, hiyo ni kufungua injini. Moshi mweusi na harufu ya petroli mara nyingi ni kabureta tu, sio kitu cha kukukimbiza.

Sikiliza. Tik tik nyepesi juu ni tapeti, zinasetiwa. Mlio wa kukwaruza upande wa cheni ya taimingi, bajeti yake uipigie. Ila ngo ngo ngo nzito kutoka chini, inayoongezeka ukivuta resi, hiyo ni krenki, mimi hapo sijadili tena bei, naondoka.

Zima, fungua kifuniko cha oili. Oili nyeusi ni kawaida kwa boda, kinachotakiwa kukutisha ni chembe za chuma zinazometa ukiisugua vidoleni, au oili iliyobadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Dar kipindi cha masika pikipiki nyingi zinapita kwenye maji ya Jangwani na kwingine, zingine zinalala humo kabisa, zikikaushwa zinaletwa sokoni zikiwa zimeoshwa zinang'aa.

Mita usiiamini. Boda anayepiga hata kilomita 120 kwa siku, siku 300 za kazi, anamaliza 36,000 kwa mwaka. Pikipiki ya miaka mitatu inayosoma 14,000 ama kamba ya mita ilikatika ama imechomolewa. Angalia vitu ambavyo havidanganyi: mpira wa kukanyagia kama umelika mpaka chuma, pedali ya gia ilivyosuguka, siti ilivyozama upande wa dereva, meno ya kiki. Mtu anabadilisha siti mpya na stika mpya, pedali ya breki iliyolika haikumbuki.

Fremu ichunguze kuliko unavyochunguza injini, maana injini inafunguliwa, fremu iliyopinda itakutesa mpaka uiuze. Angalia kuchomelewa shingoni na kwenye mkono wa nyuma unapofungwa. Pikipiki zilizobeba mkaa kutoka Kisarawe na Mkuranga mara nyingi zimeshaongezewa vyuma kwenye keria na shokapu za nyuma, chini ya vile vyuma ndio uangalie nyufa. Simama nyuma yake kama hatua tano, mwenzako aisimamishe wima, tairi ya mbele na ya nyuma zikae mstari mmoja. Shika tairi ya nyuma itikise kushoto kulia, ikicheza ni bushi au beringi. Inyanyue mbele, zungusha stelingi taratibu, ikikwama katikati kama inaingia kwenye shimo ni gololi za shingo. Bonyeza shokapu za mbele mara kadhaa ufute kwa kidole, ukiona oili sili zimekufa. Cheni ivute kwa nyuma ya sproketi, ikiachana nayo sana na meno yamechongoka yakalala upande mmoja, seti nzima inatakiwa. Ukanda wa pwani, Kigamboni, Bagamoyo, Tanga, kagua na kutu chini ya tenki na kwenye spoku, chumvi haina huruma.

Taa, indiketa, honi, taa ya breki, jaribu zote. Ni vitu vidogo ila ndio vinavyokusimamisha barabarani.

Kuijaribu

Endesha mwenyewe, au nenda na fundi wako, sio fundi aliyeletwa na dalali. Pita lami na pita vumbi. Tafuta kilima, weka gia ya juu vuta resi: injini ikipaza sauti na mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Gia zote ziingie bila kugoma na zisiruke zenyewe. Kwenye sehemu tupu isiyo na magari legeza mikono kidogo bila kuachia stelingi, ikivuta upande mmoja rudi ukaangalie fremu. Breki jaribu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma.

Bei

Kabla hujaenda, uliza dukani mpya ya aina hiyo hiyo ni shilingi ngapi leo, halafu fungua matangazo kama kumi ya used ya mwaka unaoutaka, hapo unapata bei ya mtaa. Ukishakagua, orodhesha mabovu, mpigie muuza spea umpe orodha akutajie bei, jumlisha na ufundi. Hiyo ndio namba ya kushusha bei. Ukimwambia mtu "punguza kaka" atakupunguzia elfu hamsini ya heshima, ukimwonyesha cheni na sproketi, tairi ya nyuma, sili za shokapu, na jumla yake, mnaongea vizuri tena bila ugomvi.

Boxer na TVS zinashika bei kwa sababu spea zipo mpaka vijijini. Pikipiki ya jina geni inaweza kuwa nzuri kabisa na rahisi, ila ulizia kwanza gasketi na klachi yake zinapatikana wapi mji wako.

Dalali akihusika, mjue analipwa na nani na kiasi gani kabla ya kuonyeshwa pikipiki. Na omba kuongea na mwenye mali moja kwa moja, dalali anayeficha mwenye mali ana bei yake ya juu pembeni.

Mkataba na malipo

Mkataba wa mauziano uandikwe hata kama ni ndugu yako. Uwe na majina matatu ya wote wawili, namba za NIDA, simu, mtaa wanakoishi, namba ya usajili, chasisi, injini, rangi, bei kwa tarakimu na maneno, tarehe na SAA ya makabidhiano. Saa ni muhimu, pikipiki ikifanya tukio jioni lazima ijulikane ilikuwa kwa nani. Ongeza sentensi kwamba muuzaji anathibitisha haidaiwi na haina mgogoro, na madeni ya kabla ya saa hiyo ni yake. Sainini mbele ya wakili akagonga muhuri, na kila upande awe na shahidi wake. Mwenyekiti wa mtaa anayemfahamu muuzaji ni msaada mkubwa, huyo anajua mtu anakaa wapi.

Kuna watu wanakubaliana kuandika bei ndogo ili kodi ya kuhamisha iwe ndogo. Usifanye, ikitokea pikipiki ni ya wizi ukadai hela yako, utadai kile kilichoandikwa.

Hela ilipwe benki au kwa simu kwenda kwa jina lile lile la kwenye mkataba. Akisema "tuma kwa namba ya shemeji" kataa. Ukiweza bakiza sehemu ya hela mpaka jina libadilike, na hilo nalo liandikwe.

Kuhamisha jina

Fanyeni wiki hiyo hiyo, simu ya muuzaji bado inapokelewa. Andaeni kadi original, mkataba, vitambulisho, picha za passport na TIN (namba ya mlipakodi) za wote wawili. TIN inatolewa bure, usimlipe mtu akutengenezee. TRA watawapa control number (namba ya malipo), mnalipia ada ya kuhamisha, kadi mpya na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1 ya thamani, kwa pikipiki ya 1,800,000 ni 18,000. Nani analipa mkubaliane mapema, kawaida ni mnunuzi.

Kadi ikishatoka kwa jina lako, shughulikia bima iwe kwa jina lako, bima ya mwenzako isikufariji kwamba bado haijaisha. Na kama ni ya biashara, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) nayo iombe kwa jina lako.

Kwa anayeuza

Muuzaji anafikiri hatari yote ni ya mnunuzi. Sio kweli, kadi ikibaki na jina lako, faini zinaingia kwako, ikigonga mtu wanaanza kukutafuta wewe, ikitumika kwenye uporaji wa simu polisi wanakuja kwako saa nane usiku.

Andaa kabla ya kutangaza. Lipa madeni ya trafiki, ioshe, badilisha oili, rekebisha vitu vidogo kama honi na taa, ila usifanye matengenezo makubwa, hiyo hela hairudi yote. Ubovu mkubwa useme kwenye tangazo, mtu akija anajua anakuja kuona nini na hamtapotezeana muda. Piga picha mchana, pande zote na injini kwa karibu, mita, tairi. Picha ya kadi usiipost, namba ya chasisi na jina lako vinatosha mtu kutengeneza kadi feki.

Wakutane na wewe sehemu yenye watu, sheli au jirani na kituo cha polisi, mchana, na usiende peke yako. Kwenye kujaribu ndio pikipiki zinaibiwa: anakuja mtu na "rafiki", mmoja anajaribu mwingine anabaki, mwenye kujaribu harudi na aliyebaki ni bodaboda aliyekodiwa hata hamjui. Anayetaka kujaribu aache hela yote ya pikipiki kwa mtu wako, au upande nyuma yake. Kitambulisho peke yake hakitoshi, kinaweza kuwa cha kuokota.

Ukiambiwa nimetuma, usiamini meseji, angalia salio lenyewe, na kama ni benki thibitisha na benki. Usitoe kadi wala funguo kabla.

Ukishauza weka kopi ya mkataba, kitambulisho cha mnunuzi na picha mkiwa wote na pikipiki, na nenda naye TRA mwenyewe. Akikwambia "nitabadilisha mwezi ujao nikipata hela", ni bora umpunguzie kwenye bei ile ada mkailipe pamoja siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache ingia tena tms uangalie namba ile, na mpigie akutumie picha ya kadi mpya yenye jina lake uihifadhi pamoja na mkataba.